Karani Akidhulumiwa na Kadhi, Ashitakie Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu za baina ya Maghribi na Isha tumefika, katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kwenye Kitabu cha Ukadhi. Tulipopita pale panapotajwa karani wa kadhi na sifa zinazompasa, kuwa awe Mwislamu, mwadilifu, mwenye kujua kuandika yapitayo barazani na hukumu zitolewazo, kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliuliza: "Maalim, hapa tumesomeshwa yampasayo karani. Je, kadhi akimdhulumu karani wake, ashitakie wapi?" Baadhi ya wazee walicheka. Walakini suala lile si la kuchekewa. Ni suala ambalo taifa kubwa lenye nguvu limelijadili miaka mingi, na mpaka tuandikapo haya halijalitolea jibu la kutosheleza. Nimeona kheri niliandike jibu langu kwa urefu kidogo, ili na wale ambao hawawezi kuhudhuria wapate fungu lao.

Taifa hilo ni Marekani. Huenda msomaji akasema: sisi watu wa pwani tuna nini na makarani wa Marekani? Twamjibu kwamba mambo ya mahakama mara nyingi hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, na huko mlango umefunguliwa, majaji wenyewe wameandika hoja zao na waliodhulumiwa wametoa ushahidi wao mbele ya watu. Mwenye kutaka kujifunza husoma palipoandikwa. Wala haifai kuyasoma haya kwa kuwacheka watu, maana tutafika kwetu baadaye.

Mwaka 1964 baraza la kutunga sheria la nchi ile, liitwalo Kongresi, lilipitisha Sheria ya Haki za Raia. Mlango wake wa saba wamkataza mwajiri kumnyima mtu kazi, au kumshusha daraja, au kumfukuza, kwa ajili ya rangi yake, au dini yake, au asili ya taifa lake, au kwa kuwa ni mwanamume au ni mwanamke. Sheria ile mwanzo wake iliwafunga wenye viwanda na maduka, na serikali ikajiacha nje. Mwaka 1972 ilitengenezwa, wakaingizwa watumishi wa majimbo na wa idara za serikali kuu. Ama katika mahakama za serikali kuu, waliingia wale tu ambao kazi zao hupatikana kwa mitihani ya mashindano, na watumishi wa mahakama hizo karibu wote si wa namna hiyo. Basi wakabaki nje. Mwaka 1995 Kongresi, baada ya kulaumiwa sana kwamba yawatungia watu sheria isizozifuata yenyewe, ilijifunga kwa sheria za kazi pamoja na watumishi wake. Mwaka 1996 ikafungwa na ofisi ya Rais. Hivyo katika nguzo tatu za dola ile, mbili zikawa chini ya sheria, na ya tatu, ambayo ndiyo iwahukumuyo wengine kwa sheria hiyo hiyo, ikabaki nje.

Watumishi hao si wachache. Ni zaidi ya watu 30,000: makarani wa masijala, wasaidizi vijana wa majaji, maofisa wanaowaangalia waliohukumiwa wakaachwa nje kwa masharti, na mawakili walioajiriwa kuwatetea washitakiwa maskini. Mwenye duka la nguo katika mji wao akimfukuza mfanya kazi kwa kuwa ni mweusi, au ni Mwislamu, atashitakiwa mbele ya jaji. Jaji yule yule akimfukuza karani wake kwa sababu hiyo hiyo, sheria ile ya mwaka 1964 haimpati.

Yapasa tuwe waadilifu tuseme na upande wa pili. Majaji wa Marekani hawakusema kwamba ubaguzi ni halali kwao. La, hasha. Sheria ile ya 1995 iliwataka watoe maoni yao, na mwezi wa Desemba 1996 baraza lao likaijibu Kongresi kwamba hapana haja ya kutungiwa sheria, na wala si jambo la busara, kwa kuwa wataweka wao wenyewe utaratibu wa kuwalinda watumishi wao. Wakauweka. Tangu mwaka 1997 kila mahakama ina mpango wake wa ndani wa kusikiliza mashitaka ya watumishi, na mpango huo wakataza ubaguzi, bughudha na kulipizana kisasi. Ulitengenezwa tena mwaka 2019. Kwa hivyo mgogoro wao hauko katika kuwa dhulma ni mbaya. Wote wamekubaliana kuwa ni mbaya. Mgogoro ni huu: nani atakayehukumu? Kwani katika mpango ule msikilizaji wa mashitaka ni jaji mwenziwe mshitakiwa, aghlabu wa mahakama ile ile au wa mzunguko ule ule. Na rufaa yake yakwenda kwa baraza la majaji wa mzunguko huo. Na aliyedhulumiwa akishinda aweza kurudishwa kazini au kulipwa mshahara uliompotea, lakini fidia ya maumivu aliyoyapata hapewi.

Nawaombeni mwitazame hali ya yule msaidizi kijana. Ametoka chuo cha sheria, anaajiriwa na jaji mmoja kwa mwaka mmoja au miwili, anakaa naye katika chumba cha watu wachache. Jaji ameteuliwa kwa maisha, hapana awezaye kumwondoa isipokuwa Kongresi, nayo ni nadra sana kufanya hivyo. Barua ya sifa ya jaji humfungulia kijana milango ya kazi maisha yake yote, na neno lake baya huifunga. Tena ameambiwa kwamba siri za chumba zisitoke. Hizo ni siri za kesi, na ni siri za haki. Lakini vijana wengi walifahamu kwamba hata matusi na bughudha ni katika siri, wakanyamaza. Mpaka mwaka 2019 ndipo kanuni za majaji zilipoandikwa wazi kwamba wajibu wa kutunza siri haumzuii mtumishi kushitaki mwenendo mbaya. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2017, wanawake kadhaa walikuwa wamejitokeza wakamtaja jaji mmoja mkubwa wa mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi kwamba akiwafanyia maneno na vitendo visivyo vya heshima. Jina lake twaliacha, hatuna haja nalo. Alistaafu katika mwezi ule ule wa Desemba, na mwaka 2018 majaji waliokabidhiwa mashitaka waliyafunga, kwa kuwa mshitakiwa hakuwa jaji tena na mamlaka yao juu yake yalikuwa yamekwisha.

Ikaja kesi nyingine iliyo wazi zaidi kwa somo letu. Mwanamke mmoja, wakili wa kuwatetea maskini katika jimbo la North Carolina, alisema alibughudhiwa na mkubwa wake, na kwamba aliposhitaki kwa njia ya ule mpango wa ndani hakupata haki. Hakuweza kuishika sheria ya 1964, kwa sababu tuliyoieleza. Mwaka 2020 akashitaki kwa Katiba, na miongoni mwa aliowashitaki walikuwamo wakubwa wa mahakama za mzunguko ule. Je, nani asikilize? Majaji wa mzunguko wote walijitoa, wakaletwa majaji kutoka mizunguko mingine. Mwaka 2022 wakahukumu kwamba mashitaka yake ya Katiba yaweza kuendelea kwa sehemu. Mwaka 2024, baada ya ushahidi kusikilizwa, alishindwa. Sisi hatukuwapo, wala hatusemi nani mkweli. Twaangalia jambo moja tu: ilipofika kesi ya mahakama juu ya mahakama, majaji wenyewe walijua kwamba haifai wakae wao. Ikiwa haifai katika kesi kubwa, kwa nini ifae katika kesi ndogo ya karani asiye na wakili?

Ndiyo maana mwaka 2021 waliletwa mbele ya Kongresi mswada wa kuwaingiza watumishi wa mahakama katika ulinzi ule ule walio nao wengine, na kuwapa haki ya kushitaki. Haukupita. Ukaletwa tena mwaka 2024, na haukupita.

Hoja kubwa ya majaji ni uhuru wa mahakama. Wasema: Kongresi ikiingiza mkono katika mambo ya ndani ya mahakama, kesho itaingiza mkono katika hukumu. Hoja hii haitupwi ovyo. Sisi Waislamu ndio wa kwanza kuijua thamani yake, kwani wangapi katika wanavyuoni waliukimbia ukadhi kwa kuogopa mkono wa watawala? Imamu Abu Hanifa aliukataa akafungwa kwa ajili hiyo. Lakini uhuru huo ni wa nani? Kadhi haachiwi huru ili astarehe yeye. Aachiwa huru ili mnyonge anayesimama mbele yake asiuzwe kwa mwenye nguvu. Ni haki ya mdai na mdaiwa iliyowekwa mkononi mwa kadhi kama amana. Kuichukua amana ya watu kuwa ngao ya kumtesea mtumishi wako ni kuitumia pasipo mahali pake.

Na Wamarekani wenyewe wamekwisha kuutenga mlango huu na ule. Katika jimbo la Illinois palikuwa na jaji aliyemshusha daraja kisha akamfukuza mwanamke mmoja aliyekuwa ofisa wa kuwaangalia waliohukumiwa. Mwanamke akadai kwamba amefukuzwa kwa kuwa ni mwanamke. Jaji akajitetea kwa kinga ya majaji, kwamba jaji hashitakiwi kwa alitendalo katika kazi yake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1988 majaji wote kwa kauli moja wakasema: kinga hiyo ni ya kuhukumu, nako kuajiri na kufukuza si kuhukumu, bali ni uendeshaji wa ofisi kama mwendesha ofisi mwingine yeyote. Kauli hii, wasomaji wetu, inakubaliana na fiqihi. Kadhi akijitahidi katika hukumu akakosea ana ujira mmoja, kama tulivyopokea katika hadithi. Lakini hapana mwanachuoni aliyesema kwamba kadhi akimpiga mtumishi wake au akimzuilia mshahara wake ana ujira. Pale yeye ni mtu kama watu wengine.

Sasa tuje kwenye jibu la kitabu. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kwamba hukumu ya kadhi haipiti katika jambo lake mwenyewe, wala la mtumwa wake, wala la mshirika wake katika mali yao ya pamoja, na kadhalika wazazi na watoto wake kwa kauli iliyo sahihi. Basi nani awahukumie hao? Imamu, yaani mtawala wa Waislamu, au kadhi mwingine. Na hapa sina budi kuwa mkweli mbele yenu: ameongeza kwamba hata naibu wake aweza, kwa kauli sahihi. Mtu aweza kuishika kauli hii akasema, basi majaji wa Marekani wana hoja, naibu na mwenzake wanatosha. Naona, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba kauli ile ni ya kujuzu: hukumu ikitolewa na naibu ni halali, haibatiliki. Haikusema kwamba aliyedhulumiwa afungiwe mlango wa mwingine asiwe na pa kwenda isipokuwa kwa naibu. Kujuzu ni kitu kimoja, na kulazimishwa ni kingine. Tena mdai katika mas'ala yale ni kadhi au jamaa yake; ama mdai akiwa ni mnyonge anayemshitaki kadhi, tuhuma ni kubwa zaidi.

Na wakubwa wetu hawakutafuta njia nyembamba kama hiyo. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), naye ni khalifa, alikhitilafiana na Ubayy bin Kaab (r.a.) katika mambo ya mitende. Hakujihukumia. Walikwenda wote wawili nyumbani kwa Zayd bin Thabit (r.a.). Zayd akamnyanyukia Umar mahali pa kukaa, Umar akamwambia kwamba hapo ameanza kudhulumu, akakaa pamoja na mdai wake. Ilipofika kuapa, Zayd akamwomba Ubayy amsamehe Amiri wa Waumini kiapo. Umar hakukubali kusamehewa, akaapa. Tazameni: aliyekosolewa katika kisa hiki si mshitakiwa, ni msikilizaji, na kosa lake ni kumpisha mkubwa mahali pa kukaa.

Iko na nyingine ambayo vijana wetu hawajaisoma. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya ameweka mlango mzima wa baraza ya mazalim, yaani baraza ya kusikiliza dhulma za wenye madaraka. Katika kazi alizozihesabu za baraza hiyo, ziko kuwaangalia magavana, na wakusanya kodi, na makarani wa diwani. Na iko moja ya mashitaka ya wale wanaolipwa na dola wakilalamika kwamba posho zao zimepunguzwa au zimecheleweshwa. Basi zaidi ya miaka mia tisa iliyopita mwanachuoni wetu alikwisha kuona kwamba mtumishi wa dola ahitaji baraza iliyo juu ya mkubwa wake. Hilo ndilo jibu la yule kijana: ashitakie kwa aliye juu ya kadhi au kando yake, asiyekula naye sahani moja.

Wako watakaosema: kumshitaki kadhi ni kuivunja heshima ya sharia, na kumtaja kwa mabaya ni ghiba. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na wayasemao wengi wana nia njema. Lakini Imamu Nawawi huyo huyo, alipohesabu mambo sita yanayoihalalisha ghiba, la kwanza alilolitaja ni mdhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumpa haki yake. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ametoa katazo la kutangaza mabaya, akamtoa ndani yake aliyedhulumiwa. Na katika Sura hiyo hiyo, aya ya 135, tumeamrishwa tusimamie uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Hakumvua kadhi. Mwenye kumnyamazisha karani kwa jina la heshima ya mahakama huilinda heshima ya mtu, na heshima ya sharia huiacha uwanjani. Hata hivyo mshitaki naye amche Mungu: aseme lililompata, asizidishe, asitangaze sokoni alilotakiwa alipeleke barazani.

Ama ubaguzi wenyewe, sioni haja ya kurefusha, kwani hapana Mwislamu asiyeijua khutba ya kuaga na yaliyosemwa ndani yake juu ya Mwarabu na asiyekuwa Mwarabu. Nitakumbusha kisa kimoja tu. Abu Dharr (r.a.) alimtukana mtu kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba ingali ndani yake sifa ya ujahili, kisha akamfahamisha kuwa watumishi ni ndugu waliowekwa chini ya mikono yetu. Sahaba mkubwa, na bado aliambiwa hivyo. Sisi watu wa pwani, ambao swali letu la kwanza kwa mtu anayetaka kazi ni "mwana wa nani?", tusidhani tumeepukana nayo.

Katika Kenya yetu, alhamdulillahi, maandishi ni mazuri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza dola na mtu yeyote kubagua kwa ajili ya kabila, rangi, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo, wala haikumvua jaji wala kadhi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza ubaguzi na bughudha kazini, na imeandikwa ndani yake kwamba yaifunga na Serikali. Mahakama za Kadhi zimewekwa na Katiba hiyo, kifungu cha 170, kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mambo ya kazi si yake. Basi karani wa Kadhi akidhulumiwa kazini hapaswi kusimama mbele ya Kadhi yule yule, bali iko mahakama ya kazi mbali nayo. Katika mas'ala haya karani wa Mombasa au Lamu ana mlango ambao mwenziwe wa mahakama za serikali kuu ya Marekani hana. Yafaa makarani wetu waujue, khasa mabanati waliosoma ambao sasa wanaingia katika kazi hizi, na wazazi wao wanaowaombea dua kila asubuhi wakitoka.

Lakini je, wale tuliowaajiri sisi wenyewe? Mwalimu wa madrasa, muadhini, mfagiaji wa msikiti, bibi anayewafunza watoto wasichana Kurani. Mwalimu akicheleweshewa mshahara miezi mitatu, au akiachishwa kwa kuwa si wa ukoo wa wenye wakfu, hupeleka shauri lake kwa kamati. Kamati ni nani? Ni wale wale waliomwachisha. Sheria ya nchi yampa njia ya kwenda kwingine, ni kweli, lakini mwalimu gani wa madrasa atathubutu kuishitaki kamati ya msikiti mahakamani, kisha akae mtaa ule ule? Twawalaumu majaji wa Marekani kwa kujisikilizia mashitaka yao, ilhali wao angalau wameuandika mpango wao katika karatasi. Kamati ngapi za kwetu zina hata hiyo karatasi? Rai yangu, na naiweka mbele yenu muipime, ni kwamba kila kamati iwataje watu wawili au watatu wa nje, wasiokuwa wanakamati wala jamaa zao, mmoja wao mwenye elimu ya dini na mmoja mwanamke, wawe ndio wa kusikiliza mashitaka ya walioajiriwa. Na majina yao yabandikwe ukutani pale panapobandikwa nyakati za sala. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Darsa ijayo inshaAllah tutasoma mlango wa mazalim katika kitabu cha Al-Mawardi tangu mwanzo wake. Nakala tulizo nazo ni mbili tu; mwenye yake aje nayo.